Sevu ya Pili

Ukiwa Kasulu, Bujumbura iko karibu nawe kuliko Dodoma. Ndiyo maana mchezaji wa tenisi wa kulipwa aliye jirani yetu zaidi hatoki Dar es Salaam wala Arusha, anatoka Burundi. Anaitwa Sada Nahimana, mzaliwa wa 2001, na akizungumza Kirundi, Muha wa Kibondo au Kasulu humwelewa bila mkalimani. Hata hivyo, litaje jina lake kwenye kijiwe cha bodaboda siku moja baada ya Simba na Yanga kukutana, utaulizwa anacheza winga ya timu gani.

Hakuna wa kulaumiwa. Nahimana aliondoka kwao angali binti, akaenda kufundwa Casablanca, Morocco, na amewahi kuingia katika 300 bora wa dunia. Lakini tenisi hutangaza wale wachache wa juu, na walio chini yao hubaki orodha ya majina. Mimi nimewapenda hao wa chini. Mechi zao nyingi huoneshwa mtandaoni kwa kamera moja iliyotundikwa nyuma ya uwanja, bila mtangazaji na bila marudio. Mtu asipokusimulia la kuona, unalazimika kuitazama kazi yenyewe.

Kwanza tuone wanafanyia kazi wapi. Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanawake huitwa W15, kwa sababu zawadi zote za mashindano, kwa washiriki wote, ni dola 15,000. Huchezwa wiki baada ya wiki katika miji kama Monastir, Tunisia, na Sharm El Sheikh, Misri. Ili ulichukue kombe unashinda mechi tano. Bingwa huondoka na dola 2,000 na ushei, na aliyetolewa raundi ya kwanza hafikishi hata 200. Nauli, chumba, chakula na nyuzi za raketi vinamhusu mwenyewe. Pointi anazopata bingwa huyo ni 15, wakati bingwa wa Wimbledon huvuna 2,000. Tena pointi zenyewe hazikai. Zikitimiza wiki 52 zinafutwa, hivyo nafasi yako kwenye orodha ni mtungi unaovuja: usipoujaza kila wiki, utaukuta mtupu hata kama hujauvunja. Mara nyingi pembeni hakuna kocha, na mipira iliyotawanyika huiokota mchezaji mwenyewe.

Sasa mtazame akisimama kupiga sevu ya pili, ule mpigo wa kuanzisha pointi. Ya kwanza imegonga neti. Hii nayo ikikosea, pointi ni ya mwenzake. Mtu anayejifunza, hapo mkono humwishia nguvu: anausukuma mpira kwa woga, nao huelea katikati ya uwanja kama zawadi. Aliyeiva hufanya kinyume. Mpira anaurusha juu ya kichwa chake, nyuma kidogo kuliko alivyofanya mara ya kwanza. Magoti yanakunjwa, mgongo unapinda, kisha raketi inatoka chini na kupanda kwa kasi ileile ya sevu ya kwanza, pengine zaidi. Tofauti ni kwamba haiupigi mpira usoni, inaukwangua kutoka chini kwenda juu. Nguvu yote inageuka kuwa mzunguko. Mpira unapita juu sana ya neti, mtazamaji anadhani umekwenda nje, ghafla unaanguka ndani ya kisanduku na kuruka hadi usawa wa bega la mpokeaji.

Ubingwa wenyewe uko hapo: kupiga kwa nguvu zaidi pale ambapo woga unakuambia upunguze. Haufundishwi kwa maneno. Ni ndoo ya mipira asubuhi, ndoo nyingine jioni, mpaka mkono uamini kwamba kasi ndiyo usalama. Na katika ngazi hizi mpokeaji anajua kuwa sevu ya pili ndiyo mlango wa nyumba. Anapiga hatua mbili mbele, anasogea ndani ya mstari, anasubiri kuubomoa. Mwanamke wa namba 400 hukabili jaribio hilo mara kadhaa katika kila gemu anayosevu, mbele ya viti vitupu.

Ongeza hewa. Mchezaji aliyezoea Monastir, ufukweni mwa bahari, akija Nairobi anajikuta kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira kama kule pwani, wala haiushiki mzunguko wake vizuri. Fohendi iliyokuwa inatua ndani ya mstari wiki iliyopita sasa inapitiliza. Sevu ya pili inaruka juu, lakini inachelewa kushuka. Fundi anakaza nyuzi zaidi ili raketi isiurushe mpira mbali, anaongeza kukwangua, na analenga chini kidogo kuliko alivyozoea. Yote hayo ayapate katika siku mbili tatu za mazoezi, kwa sababu wiki ijayo huenda akawa ufukweni tena. Nyanda zetu za juu, kuanzia Kasulu kupanda hadi Kibondo, nazo zina wepesi wake wa hewa. Wasichana wanaorusha netiboli kwenye viwanja vya shule zetu, miguu peku kwenye udongo mwekundu, wamekulia katika hewa hiyo bila kuambiwa kuwa kwingine mtu hulipa nauli ya ndege kuja kuizoea.

Katika ukanda wetu aliyeonesha wazi jinsi ngazi hii ilivyo ndefu ni Mkenya Angella Okutoyi, mzaliwa wa 2004, aliyelelewa Nairobi na bibi yake. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi kwenye mashindano ya Grand Slam ya vijana, kule Australia. Julai mwaka huohuo, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alifika fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakachukua ya pili 6–4, kisha wakashinda taibreki ya mwisho 11–9. Tofauti ya pointi mbili tu ikaipa Kenya bingwa wa Wimbledon.

Siku ile, upande wa pili wa neti walikuwapo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko ni binti wa wazazi waliotoka Kongo na kuhamia Amerika ya Kaskazini, safari ambayo watu wa Kasulu wanaifahamu, kwa kuwa familia nyingi za Kikongo zimeondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenda kuanza upya Marekani. Mwaka 2025 Mboko aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Agosti akamshinda Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal, na dunia ikamjua.

Na Okutoyi? Alikwenda Auburn, Alabama, kusoma na kuchezea timu ya chuo kikuu. Machi 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, ya kwanza kwa tenisi ya Kenya katika michezo hiyo tangu 1978. Dhahabu ile ilimfungulia njia ya Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti kwamba awe ndani ya 400 bora. Hakuwamo, hakwenda. Bingwa wa bara zima alizuiwa na orodha inayojazwa kwa wiki za Monastir na Sharm El Sheikh.

Mtu anaweza kuyasoma hayo kuwa mmoja alifaulu na mwenzake akafeli. Hesabu za mchezo wenyewe zinakataa. Mwaka 2024, akihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Roger Federer alisema kwamba katika mechi 1,526 alizocheza peke yake alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Yaani mmoja wa mafundi wakubwa wa zama zake alikuwa akipoteza karibu nusu ya pointi zake. Basi kinachomtenganisha namba 40 na namba 400 ni pointi chache katika kila seti, na chache hizo hutegemea vitu ambavyo wengine wanavyo na wengine hawana: kocha wa kusafiri naye, mtaalamu wa kukanda misuli, pesa ya kupumzika wiki moja mguu unapouma. Mkono wenyewe, ule unaokwangua mpira kutoka chini, ni wa daraja moja.

Ndiyo maana sioni huruma ninapomtazama Nahimana au Okutoyi, naona ufundi. Kushangilia fainali ni rahisi, kwani kombe liko mezani na kila mtu anajua thamani ya pointi. Kinachonishangaza mimi ni Jumanne ya raundi ya kwanza, 30–40, sevu ya kwanza imekwama netini, na mwanamke aliyejilipia nauli anaurusha mpira wa pili juu na kuupiga bila kupunguza mkono. Ukipata bando wiki ijayo, iache fainali ya Jumapili. Fungua mechi ya Jumanne, na macho yako yaanze na raketi yake, inatoka chini au inausukuma mpira. Ikitoka chini kwa kasi, unamtazama fundi, orodha impe namba yoyote.