Mkono Unaojua Kuacha

Jirani yangu hapa Kiganjo, Thika, huangua vifaranga wa kienyeji kwa mashine katika chumba kilichokuwa stoo. Kila yai lina X ya penseli upande mmoja na O upande wa pili. Asubuhi X zote hutazama juu, mchana O, usiku X tena, ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ganda. Kipimajoto husoma 37.5. Stima ikipotea, hufunika mashine kwa blanketi, akangoja.

Jioni ya siku ya 7 aliniita tumulike. Alizima taa, akabana tochi chini ya yai. Mishipa myekundu ilitapakaa kama mizizi, na katikati yake doa jeusi, jicho, likacheza. "Huyu yuko," akasema, akalirudisha yai kwenye trei.

Ndani ya yai kulikuwa na fundi mwingine kazini. Mfupa wa mguu hauanzi ukiwa mfupa. Kufikia siku ya 3 vichipukizi vya mabawa na miguu hujitokeza. Kisha seli hukusanyika ndani yake, na jeni iitwayo SOX9 huziamuru zitengeneze gegedu, ile laini unayoitafuna kwenye ncha ya kidari. Ukingo wa nyuma wa kichipukizi hutoa protini: seli za karibu huipata kwa wingi, za mbali kidogo, na kwa kipimo hicho kila kidole hujua nafasi yake. Jioni ile ya tochi, mguu ulikuwa bado karibu wote gegedu.

Halafu jeni nyingine, RUNX2, huleta seli za mfupa, na kalisi ya kuukaza huchotwa kwenye ganda lenyewe. Mwaka 1997 watafiti waliizima RUNX2 katika panya: kiunzi kizima kilibaki gegedu. Lakini SOX9 nayo lazima inyamaze. Ikiendelea kuamuru, mfupa huchelewa.

Siku ya 18 niliingia stoo, nikanyoosha mkono kugeuza kama nilivyozoea. Jirani akaupiga kofi dogo. "Waache sasa, jirani. Wanajipanga kutoka."

Siku ya 21 kifaranga mmoja alisimama, akayumba, akasimama tena. Kando ya miguu yake kulikuwa na kigae cha ganda chenye nusu ya X.