Kofi Mbele ya Mgeni

Othello ya Shakespeare ikitajwa katika mabaraza yetu huku ugenini, mazungumzo huishia kwenye leso. Nani aliiokota, nani alimpa nani, na vipi jemadari mzima akadanganywa na Iago. Tumeisoma tena tamthilia hii, na tunaona kitambaa kile kimepewa uzito usio wake. Kwani kama Desdemona angekuwa kweli amekosa, ingekuwa halali kumpiga?

Tulipokwama sisi ni tendo la nne. Lodovico, jamaa yake Desdemona, amefika Kupro na barua kutoka Venisi. Mbele yake Othello anampiga mkewe. Jukwaani kwa kawaida huwa ni kofi. Mgeni anashtuka, anasema huko kwao hakuna atakayesadiki, anamtaka bwana ambembeleze mkewe. Halafu anakula chakula cha usiku nyumbani humo humo, anamshukuru bibi na kuaga. Usiku ule ule Desdemona anazibwa pumzi kitandani mwake.

Katika kazi yetu ya uhandisi, nguzo ikipasuka mchana kweupe watu huondolewa kwanza, maswali baadaye. Lodovico aliuona ufa akakaa kula chini yake.

Na tumtazame huyo mke. Ameolewa bila ridhaa ya baba, amevuka bahari, hana mama wala shangazi wa kumkimbilia, na wote waliomzunguka wako chini ya amri ya mumewe. Ndugu wasomaji, hali hii si ngeni kwetu tunaoishi katika fleti za miji ya watu, ambako mwito wa kwanza ni "mambo ya mke na mume tuwaachie wenyewe". Hata anapokata roho, akiulizwa nani kamfanyia hivi, Desdemona anajitaja mwenyewe. Anamsitiri mume. Kwetu stara ni sifa. Hapa imemfaa muuaji.

Tunajua kwa nini watu weusi tunasita kumlaumu Othello. Paul Robeson alipomwigiza London mwaka 1930, kisha New York kuanzia 1943, ilikuwa fahari kubwa, na fahari ile ni haki yetu. Ila ubaguzi aliofanyiwa Othello haukumpiga Desdemona. Mkono ulikuwa wake.

Anayesahauliwa kabisa ni Emilia, mke wa Iago. Ndiye pekee katika mchezo huu anayesema wazi kwamba waume hupiga wake zao, na kwamba wake nao wana hisia kama wao. Mwishoni Iago anamwamuru anyamaze, arudi nyumbani. Anakataa, anasema yote aliyoyajua, na mumewe anamchoma upanga mbele ya Gratiano, ami yake Desdemona, na watu wengine waliojaa chumbani. Wake wawili, waume wawili, usiku mmoja. Emilia anaomba jambo moja tu: alazwe ubavuni mwa bibi yake.