Jicho la Fundi wa Majahazi

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, haina pwani. Sisi wa Tangini tumeshalizoea. Malori ya Barabara ya Morogoro hayatupi usingizi, na bahari tunaijua kwa samaki wanaofika sokoni wakiwa na barafu. Mgeni akisikia unaishi Pwani atakuuliza kama unaogelea kila jioni. Hata hivyo mkoa haukukosea jina. Bagamoyo imo humu, Mafia imo humu, na imo delta ya Rufiji, ambako boriti za mikoko zilipakiwa majahazini zikaenda kuezekea nyumba za Uarabuni.

Anayetaka kuuona urithi huo wa bahari huelekezwa Kaole kwanza, kilomita kama 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Pana magofu ya msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, makaburi ya nguzo, na makumbusho madogo yenye shanga na vipande vya kauri za Kichina. Palipokuwa bandari pameota mikoko, bahari ilishajiondokea. Ni mahali pa kwenda, tena pa kurudi. Lakini kila nikisimama mbele ya zile kauri naona kuna mtu hakutajwa. Sahani ya China haikuogelea. Ililetwa na chombo, na chombo kilijengwa na fundi, ila mbao huoza na kamba huoza, jiwe likabaki. Ndiyo maana tunayajua makaburi ya wakubwa kuliko tunavyoijua mikono iliyowavusha.

Mikono hiyo haijaisha. Teremka ufukweni Bagamoyo, upande wa soko la samaki, karibu na forodha ya zamani. Mara nyingi utakuta chombo kimekalishwa juu ya magogo, kipya au kikuukuu kinachotengenezwa, na fundi ameinama na tezo. Kaa utazame.

Seremala wa kwetu, yule wa vitanda na makochi kando ya barabara, anataka ubao ulionyooka. Uliopinda huuweka upande, ukaishia kuwa kuni. Fundi wa majahazi anautafuta huo uliopinda, na anaulipia. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hayapindishwi kwa nguvu. Huchongwa kutoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe tangu likiwa mtini. Ukichukua ubao mnyoofu ukauchonga uwe upinde, umezikata nyuzi zake, na hapo ndipo utakapovunjika siku ya kusi. Kwa hiyo fundi huuzunguka mwembe, mfenesi au mlilana akiangalia magoti yake, si shina. Anaona taruma la mbele kushoto likiwa bado lina majani na kunguru juu yake.

Hana mchoro. Mkuku hulazwa kwanza, kisha husimamishwa fashini, mbele na nyuma, halafu mbao za chini zinaanza kupanda. Vipimo ni shibiri, dhiraa na kipande cha kamba. Baada ya hapo ni jicho: husogea hatua kadhaa nyuma, hufumba jicho moja, hurudi, huondoa unyoya wa mbao usiozidi unene wa ukucha, husogea tena. Nimewahi kusikia watu wakiiita kazi hii ya kubahatisha kwa sababu haina karatasi. Wanaosema hivyo hawajaona pande mbili za jahazi zikilingana bila mtu kushika rula.

Msumari nao hauingii hivihivi. Tundu hutobolewa kwanza kwa kekee, ile inayozungushwa kwa uta, ubao usije ukapasuka. Msumari huviringishwa uzi wa pamba uliochovywa mafuta, hupigwa, na ncha inayotokea ndani hukunjwa. Kisha ndipo kalafati. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, husukumwa katika kila mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo, shibiri kwa shibiri, chombo kizima. Ni kazi ya kuchosha mno, na ndiyo hupewa wanagenzi. Sidhani kama ni kwa kuwakomoa. Aliyekalafati jahazi zima amezipapasa mbao zake zote, na huko ndiko kujua chombo kulikoanzia.

Kabla ya msumari palikuwa na kamba. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu hii. Mtepe wa visiwa vya Lamu na Bajuni ndio uliodumu hadi karne ya 20: mbao zilizoshonwa kwa kamba ya usumba, tanga la mkeka la pembe nne, na omo lililochorwa macho. Tusiupambe: mtepe ulivuja, na baharia mmoja kazi yake ilikuwa kufua maji. Lakini ulinyumbuka. Ukipanda mwamba au kupwelewa mchangani ulijikunja kidogo badala ya kupasuka. Na nyuma ya kila mshono kulikuwa na makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi, yakafukuliwa, yakapigwa, yakasokotwa. Kazi hiyo ya usumba hata leo Unguja iko mikononi mwa wanawake, nao hawatajwi hata na wanaomtaja fundi.

Mwaka 2003, ili makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, yawe na mtepe, ilibidi ujengwe upya. Hapakuwa na wa kuokota. Miaka 17 baadaye, Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo la mwaka 1883 iliporomoka. Sisemi hili kuyadharau makumbusho. Nasema nyumba ya kuhifadhia vitu nayo ni kitu, huchakaa. Kinachoweza kuujenga mtepe mwingine kipo kwa mtu, na mtu huyo akifa bila mwanagenzi hakuna kabati la kumwekea.

Nyenzo hazinisumbui. Kule Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walijenga Flipflopi, jahazi la plastiki zilizookotwa, lililoshushwa majini 2018 likiwa limevikwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ilichongwa kwa mbinu zilezile za mbao. Boti za faiba nazo zije, mvuvi ana watoto wa kulisha na mvule umekuwa adimu. Ila faiba hutoka kwenye kalibu. Anayeimimina hahitaji kujua mti.

Wenzetu wa Sur, Oman, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakitua kwetu kila msimu wa kaskazi, walichanga fedha mwaka 1993 wakalinunua kutoka Yemen jahazi lao Fatah al-Khair, lililojengwa mjini kwao mwaka 1951. Leo limekaa ufukweni watu wanalitazama. Cha muhimu zaidi, karibu nalo karakana ya majahazi iliendelea kugonga nyundo.

Sisi hatuhitaji mafuta ya Oman kufanya la kwetu. Hapo Tumbi, jirani na Tangini, Shirika la Elimu Kibaha limekuwa likifundisha vijana tangu miaka ya 1960. Vijana wanaojifunza ufundi mkoani humu wapelekwe Bagamoyo na Mafia msimu mmoja, wakakae na fundi, wakalafati, naye alipwe kama mwalimu na si kwa soda na picha. Halmashauri zinazonunua boti kwa ajili ya vikundi vya wavuvi ziagize angalau mashua moja ya mbao kila mwaka. Na wewe utakayekwenda Kaole Jumamosi, ukimaliza makaburini usigeuze gari. Shuka hadi ufukweni, msalimie fundi, muulize mashua ni shilingi ngapi na itachukua muda gani.