Mtenda na Mtendwa: Mkono katika Picha za Nafsi za Frida Kahlo

Mhakiki anapokabiliwa na kazi ambayo msanii amejichora mwenyewe, hushawishika kuisoma kama tawasifu tupu: hutafuta tukio, hulioanisha na ishara, kisha huridhika. Njia hii imetumiwa mno kuhusu Frida Kahlo (1907–1954), mchoraji wa Meksiko. Ajali ya basi na tramu ya mwaka 1925, iliyomvunja uti wa mgongo, na ndoa yake na mchoraji Diego Rivera, zimefanywa ufunguo wa kila picha. Matukio hayo ni ya kweli, lakini hayajibu swali lililo muhimu zaidi: je, katika mageuzi ya maisha yake, msanii anajichora kuwa mtenda au mtendwa? Jibu limo mikononi mwake.

Katika "Frida Wawili" (1939), picha ya mwaka alioachana na Rivera, wanawake wawili wenye sura moja wameketi bega kwa bega, wameshikana mikono. Mmoja amevaa gauni jeupe la Kizungu. Wa pili amevaa vazi la wanawake wa Tehuantepec. Mioyo yao iko wazi. Wa yule wa gauni jeupe umepasuliwa. Ni rahisi kudai kuwa mmoja ndiye aliyependwa na mwingine ndiye aliyekataliwa. Hata hivyo, mshipa wa damu ni mmoja. Unaanzia kwenye kijipicha cha Rivera akiwa mtoto, kilichoshikwa na mwenye vazi la kienyeji, unapita mioyo yote miwili, na kuishia kwenye koleo la daktari mkononi mwa mwenziwe. Damu inadondoka juu ya gauni na kuchanganyika na maua yaliyotariziwa kwenye pindo. Koleo likilegea, wote wawili watakufa. Kwa hiyo talaka haikumgawa mtu akawa mzima na mgonjwa. Imemwachia jukumu la kuubana mshipa wake mwenyewe.

Mwaka 1940 koleo likawa mkasi. Katika picha yake ya nafsi yenye nywele zilizokatwa, Kahlo ameketi kitini, amevaa suti ya kiume inayompwaya, na nywele zimetapakaa sakafuni. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka desturi ya jamii kadhaa, Waluo wakiwemo, ya kumnyoa mfiwa. Lakini huko mfiwa hunyolewa na wengine, na tendo hilo humrudisha katika jamaa. Hapa hakuna jamaa. Anyoaye na anyolewaye ni mmoja, naye hamlilii mtu. Anamtazama mtazamaji usoni. Desemba ya mwaka huo huo alirudiana na Rivera, lakini picha haikupoteza nguvu yake, kwa kuwa haikutegemea talaka pekee. Inahusu gharama ya kujikata mwenyewe ili kubaki huru.

"Nguzo Iliyovunjika" (1944) ina hali nyingine. Mwili umepasuliwa katikati, nguzo ya mawe yenye nyufa imeshika mahali pa uti wa mgongo, mikanda imeufunga, na misumari imeuchoma kila mahali. Mikono haina chombo. Imeshika kitambaa cheupe kiunoni tu. Misumari hiyo haina aliyeipigilia. Hapa msanii ni mtendwa, na ukweli huo una heshima yake, kwani maumivu ya mwili hayamwombi mtu ridhaa. Hata hivyo ishara imekaribia mno kile inachokiashiria: nguzo ni uti, misumari ni maumivu. Mtazamaji huhuzunika upesi, na upesi huo huo huwa amekwisha kuielewa.

Picha ya nywele zilizokatwa ndiyo inayobaki kumsumbua. Mkasi ungali wazi mkononi, nayo picha haisemi kama kazi yake imekwisha.