Hodi kwa Titani

Kilikuwa kipande cha titani ukubwa wa kiganja, kimebanwa kwenye jiliwa, na kikatio cha milimita 12 kikipita ukutani mwake kwa sauti laini kama ya mtu anayechana kitambaa taratibu. Kilipofika kwenye kona sauti ikapanda, ikawa kilio, kisha kimya. Nilipozima kulanti, kile kimiminika cha kupozea, nilikuta kikatio kimekatika shingoni na ncha yake imeganda ukutani kama msumari. Kasi ilikuwa sahihi, na kulanti ilikuwa inamwagika ya kutosha. Nilikosea njia. Tangu siku ile naiheshimu njia ya kikatio kuliko mashine yenyewe.

Watu husema titani ni ngumu, lakini viko vyuma vya zana vigumu kuliko ile aloi yake maarufu yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Ugumu wa kazi hii uko kwenye joto. Chuma cha kawaida hupitisha joto takriban mara saba zaidi ya aloi hiyo, na alumini zaidi ya mara ishirini. Ukikata chuma, joto jingi huondoka na maranda. Ukikata titani, joto halina pa kukimbilia, linarudi kwenye ncha ya jino. Na titani ikishapata moto hutaka kuungana na kinachoigusa. Hunata kwenye makali, jino linazunguka, linagonga tena, na kile kidonge kilichonata kinang'oka pamoja na chembe ya kabaidi ya kikatio chenyewe. Kikatio hufa hivyo, chembe baada ya chembe.

Mtoto wa pwani hufundishwa kupiga hodi kabla hajajua kusoma, na anapoondoka hufundishwa kuaga. Kikatio nacho kina adabu hizo mbili. Ukikiachia, kitaubamiza ubavu wa titani moja kwa moja, meno yapokee mzigo wote mara moja. Hodi yake ni tao: kinaingia kwa kuzunguka, kinagusa kidogo, kinazama hadi kiasi chake. Mafundi wengi hilo wanalijua. Wanachosahau ni kuaga. Jino likiondoka huku ganda linalolimenya bado ni nene, mzigo huachia ghafla, makali yanachubuka, na ganda linabaki limeng'ang'ania. Jino likimalizia kwenye wembamba wa ganda la kitunguu, huachana salama. Ndiyo sababu tunapanga mwelekeo ili kila jino lianzie kwenye unene na kumalizia kwenye wembamba, na ukingo ambao kikatio kitatokea tunaupunguza kwa mteremko mapema.

Halafu kuna hesabu, na mimi naipenda hesabu hii kama wengine wanavyopenda mashairi. Kikatio changu cha milimita 12 kikila ubavuni milimita 0.6 tu, kila jino linakaa ndani ya titani nyuzi 26 kati ya 360 za mzunguko wake. Muda wote uliobaki liko nje, linaoga kulanti, linapoa. Ndiyo maana naweza kuongeza kasi. Ila kwa ubavu mwembamba hivyo ganda nalo linakonda: ukisogeza milimita 0.1 kwa kila jino, unene wake hauzidi milimita 0.044. Hapo jino linaanza kusugua badala ya kukata, na kusugua titani ni kuwasha jiko. Inabidi usogeze kwa zaidi ya mara mbili. Katika kazi hii mwoga huharibu vikatio vingi kuliko mwenye papara.

Sasa irudie kona yangu. Nilitumia kikatio chenye mviringo uleule wa kona, kwa hiyo kilipogeuka ukuta wa pili ulikikumbatia ghafla: zile nyuzi 26 zikawa 116. Leo naingia kona kama hiyo na kikatio chembamba zaidi, kikizunguka viduara vidogovidogo, kikimenya utepe baada ya utepe.

Frederick Taylor, Mmarekani, alikata vyuma kwa majaribio miaka 26 kabla ya kuwasomea wahandisi wenzake matokeo yake mwaka 1906. Kanuni yake ya kasi na uhai wa kikatio ingali inatutawala: kwa kabaidi, kuongeza kasi kwa asilimia 20 kunaweza kuufupisha uhai kwa nusu. Miaka ya mwanzo ya 1960, waliounda ndege ya A-12 huko Burbank, California, walianza na keke zilizotoboa titani matundu 17 na kwisha. Mwishoni walikuwa na keke za kutoboa 100, kisha zikanolewa na kurudi kazini.

Nikishika kipande kipya hunijia mchanga mzito wa Kwale, wenye madini ya titani, ambao kwa miaka kumi hivi kuanzia 2014 ulipakiwa melini Likoni. Madini ya aina hiyo duniani huishia zaidi kuwa rangi nyeupe ya kuta. Machache ndiyo huwa metali, baada ya kupikwa na klorini, kisha na magnesi, kwa njia aliyoibuni William Kroll wa Luxembourg. Kipande kilichosafiri hivyo kinaniumiza kukitupa kwa ajili ya kona moja.

Juzi nilitoa kikatio kilichokuwa kazini tangu asubuhi, nikakiangalia kwa lenzi. Hakikuwa na donge wala pengo. Kila jino lilikuwa na mstari mwembamba uliolika sawasawa, na maranda chini ya meza yalikuwa ya rangi ya fedha, hakuna la buluu hata moja. Nikakirudisha, nikashusha kina milimita 2 ili ule mstari usiendelee kulika palepale, nikafunga mlango wa mashine, nikasubiri kona.