"Kilowanishi" na "Mtetemo wa Huruma": Uhakiki wa Istilahi za Piano

Mswada uliotufikia ni mwongozo mfupi wa utunzaji wa piano, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu wa muziki na viongozi wa kwaya wa Iringa na Mbeya. Nia yake ni njema. Fundi wa piano ni adimu huko, na kumwita kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita 500 hivi hadi Iringa na zaidi ya 800 hadi Mbeya. Mwalimu awezaye kutambua mwenyewe chanzo cha kelele katika chombo chake huokoa fedha nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, istilahi mbaya hapa si kosa la karatasini tu.

Tuanze na neno lililokwisha kuleta madhara. Juu ya nyuzi za piano, isipokuwa zile fupi za sauti za juu kabisa, hukaa vijiti vyenye sufu iliyoshindiliwa. Kidole kikiondoka kwenye kibonyezo, sufu hushuka na kuunyamazisha uzi. Kifaa hicho mfasiri amekiita "kilowanishi". Bila shaka alikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, ya kutia unyevu na ya kufifisha, akashika ya kwanza. Huko Iringa mwalimu mmoja aliyepewa nakala ya majaribio alinionyesha piano yake, ambayo ilikuwa ikiendelea kuvuma baada ya kidole kuondolewa. Alikuwa amesoma kwamba mvumo huo hutokea vilowanishi visipofanya kazi yake. Basi akatwaa kitambaa chenye maji, akavilowesha vyote. Sufu ikavimba, nyuzi zikaanza kushika kutu. Simlaumu, kwani alitii Kiswahili alichopewa. Napendekeza "kizimamlio".

"Mtetemo wa huruma" haujaharibu chombo cha mtu, lakini haueleweki kabisa. Uzi ukitetema, kitu kingine kilicholegea chenye kasi ileile ya asili ya mtetemo hutetema nacho: kioo cha dirisha, fremu ya picha ukutani, pini ya bawaba ya kifuniko, skrubu, hata penseli iliyoangukia ubao wa sauti. Kelele ya namna hii hujitokeza kwa noti moja au mbili tu, na wengi huifungulia piano nzima bure ilhali mkosaji yuko dirishani. Nyanda za Juu huijua zaidi wakati wa kiangazi, mbao zinaponywea na skrubu kulegea. Sasa huruma inaingiaje hapo? Katika kila kwaya, toka Tukuyu hadi Mafinga, yuko mwanzilishi na wako waitikiaji. Kioo kinauitikia uzi. Basi na tuseme "mtetemo wa kuitikia".

Kosa la tatu ni kuita kila kitu "kelele". Mwongozo wenyewe unafundisha kupambanua: bonyeza polepole mno hata nyundo isifike kwenye uzi, kelele ikisikika bado, chanzo kimo katika mtambo wa vibonyezo na nyundo (ambao mfasiri ameuita "kitendo"!). Kanyaga pedali peke yake. Ikilia, tazama pedali na vijiti vyake. Bila majina mbalimbali ya sauti somo hili hupotea. Mafundi wa malori wa Mbeya nilipowauliza walijibu bila kufikiri: inagonga, inakwaruza, inalia. Kutokana na "gonga" tungepata "mgongo", jambo ambalo hakuna atakayelikubali. Kwa hiyo nachagua "mgoto" kwa sauti ya mti kugonga mti, na "mkwaruzo" kwa msuguano.

"Kinanda kikuu" nacho kibadilishwe. Piano hiyo haina cheo; nyuzi zake zimelala tu, kwa hiyo "piano mlalo" inatosha, na ile nyingine "piano wima". Kinanda ni neno lililokwisha kubeba mengi, kuanzia ala ya nyuzi ya pwani hadi chombo cha kanisani.

Mswada umerudishwa kwa ndugu mfasiri pamoja na mapendekezo haya. Tumeomba pia ukurasa wa vilowanishi uondolewe katika nakala za majaribio zilizokwisha kugawiwa.