Uji wa Maziwa Ndani ya Kapkeki: Krimu Nyepesi Kuliko Zote Nilizowahi Kuonja

Nimeonja krimu ya kujazia kapkeki iliyopikwa kwa maziwa, unga wa ngano na siagi, na mpaka sasa ulimi haujatulia. Nyeupe, nyepesi, haikwami kooni, haiachi sukari ikikwaruza meno. Ukiimega keki ya chokoleti katikati, krimu imesimama palepale ulipoiweka, imejaa hewa, inakusubiri. Muda wote nilidhani utamu wa vikeki vya pakiti vyenye krimu tumboni ni mambo ya mitambo ya kiwanda. Kumbe jibu liko kwenye sufuria ya uji!

Vikeki vyenyewe asili yake ni Marekani. Mwaka 1930 James Dewar, meneja wa kiwanda cha mikate cha Continental Baking Company kule Schiller Park, Illinois, aliona vyombo vya kuokea vikeki vya stroberi vikikaa bure kila msimu wa tunda hilo ulipokwisha. Akaokea humo vikeki virefu vya manjano, akavidunga krimu ya ndizi, vikaitwa Twinkies. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofanya ndizi ziadimike huko, krimu ikawa ya vanila, na vanila ikaota mizizi. Kapkeki ya chokoleti ya chapa ya Hostess ni kongwe zaidi, ilianza kuuzwa mwaka 1919, ila krimu ya katikati na ule mstari mweupe wa vitanzi juu yake vilikuja mwaka 1950.

Krimu ya kiwandani ina kazi ngumu: isafirishwe kwa lori, ikae rafuni, ifike kwa mlaji bila kuharibika. Kwa hiyo hutegemea mafuta ya mboga, sukari na shira ya mahindi. Sisi wa nyumbani hatuna mzigo huo hata chembe! Kapkeki zetu huliwa siku hiyohiyo, zikibaki ni za kesho yake. Basi tuna uhuru wa kutumia maziwa halisi na siagi halisi, na uhuru huo ndio unaoifanya krimu hii iiache ya kiwandani mbali sana kwa ladha.

Wamarekani huiita ermine, na ndiyo iliyokuwa ikipakwa juu ya keki nyekundu ya red velvet kabla ya krimu ya jibini kushika nafasi hiyo. Vipimo ni hivi: maziwa mililita 240, unga wa ngano gramu 40, sukari ya kawaida gramu 200, siagi gramu 225, vanila kijiko kidogo kimoja na chumvi kidogo sana. Changanya unga na sukari kwenye sufuria vikiwa vikavu, kisha mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, na hutaona bonge hata moja. Injika kwenye moto wa wastani, koroga bila kuacha hadi uji uwe mzito na utokote, halafu uache utokote dakika moja zaidi ili ladha ya unga mbichi iishe. Mimina kwenye sahani pana, funika kwa plastiki iliyogusa uji wenyewe ili usifanye utando, uache upoe kabisa. Kabisa!

Sasa raha inaanza. Piga siagi laini kwa mashine hadi ibadilike rangi, kutoka njano hadi karibu nyeupe. Ongeza uji uliopoa kijiko kimoja kimoja huku mashine ikiendelea, kisha vanila na chumvi. Mwanzoni utaona kitu kizito cha kawaida tu. Endelea. Ghafla bakuli linajaa, krimu inapanda ukingoni, inang'aa, inashika alama za mchapo kama pamba iliyochambuliwa. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilipiga kelele jikoni!

Kinachotokea humo ni kizuri kama ladha yenyewe. Chembe za wanga wa ngano zikipata joto ndani ya maziwa huvimba na kuyashika maji. Maji hayo yakishafungwa hivyo, huingia ndani ya siagi bila kujitenga, na mafuta ya siagi nayo hushika viputo vya hewa unavyovipiga. Sukari nayo imeshayeyuka kwenye uji, hivyo hakuna punje inayobaki. Krimu ya siagi iliyozoeleka, ile ya sukari ya unga, huhitaji kama gramu 450 za sukari kwa siagi gramu 225 hizohizo. Hii inatumia gramu 200 tu. Ndiyo maana unaonja maziwa, unaonja vanila, unaonja siagi, na mkono unarudi sahanini wenyewe.

Kujaza ni rahisi, mradi keki ziwe zimepoa. Ukiwa na nozeli ndefu, itumbukize juu ya kapkeki hadi katikati, bonyeza mfuko taratibu, na uache mara tu unapoona keki inaanza kutuna. Ukiwa huna, kata kishimo kwa kisu kidogo chenye ncha, jaza kijiko kimoja kikubwa cha krimu, punguza kile kifuniko cha keki ulichotoa, kirudishe. Mimina chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa ya moto, ikishaganda chora vitanzi vyako vyeupe juu yake. Vipimo nilivyotaja vinajaza kapkeki 24 bila kubana, na vitanzi juu.

Nimeipima pia dhidi ya wapinzani wake. Krimu ya maziwa iliyopigwa peke yake ni nyepesi sana, lakini huanza kuvuja maji na keki hulowana. Ya mafuta ya mboga husimama imara hata kwenye joto, ila huacha utando mdomoni. Mpinzani wa kweli ni ile inayochanganya siagi na Marshmallow Fluff, krimu ya mashimelo aliyobuni Archibald Query kule Somerville, Massachusetts, mwaka 1917. Inavutika vizuri na hutengenezwa kwa ute wa mayai, lakini ni tamu mno kwangu. Anayetaka kuyeyusha zile mashimelo za kwenye pakiti asome kwanza lebo, kwa sababu nyingi zina jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Krimu ya uji haina jelatini wala mayai mabichi, hivyo unaweza kuiweka mezani kwenye shughuli yoyote bila swali.

Inadai vitu viwili. Cha kwanza ni subira: uji ukiwa vuguvugu siagi huyeyuka na krimu hugeuka mchuzi. Ikitokea, weka bakuli kwenye friji dakika chache, upige tena, itarudi. Ikionekana imekatika, usiitupe, endelea kupiga tu. Cha pili ni ubaridi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na Dar es Salaam au Mombasa joto la mchana hufika huko bila shida. Weka kapkeki zilizojazwa kwenye friji, uzitoe nusu saa kabla ya kuzila ili krimu ilainike. Tumia siagi halisi pia, maana majarini yenye maji mengi haitakupa wepesi huu.

Na kuna toleo linalonisisimua kupita yote: la ndizi! Ponda ndizi mbivu kabisa, ichuje, ipike pamoja na uji, na unapata harufu iliyoondoka kwenye vikeki vya Dewar wakati wa vita. Kwetu ndizi ni tele, tuna kila sababu ya kuirudisha. Tui la nazi badala ya maziwa, pamoja na iliki kidogo, nalo linakubali vizuri mno.

Uamuzi wangu hauna kigugumizi: hii ndiyo krimu ya kujazia kapkeki nyumbani. Ni ya bei nafuu kwa sababu kikombe cha maziwa na unga kidogo huizidisha siagi, haitaki sukari ya unga, na mtoto anayejua kukoroga uji anaweza kuianza. Pika uji usiku, asubuhi uutoe kwenye friji pamoja na siagi hadi vyote viwe na joto moja la chumba, washa mashine. Mkiwa wengi nyumbani, pikeni mara mbili ya vipimo!